Picha za Msafiri Kijana na Deni la Macho

Wahenga walituusia kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, na tena wakatuambia tutembee ili tuone. Katika usia huo safari ilihesabiwa kuwa shule. Kijana aliyetoka kwao akaenda nchi ya mbali alitazamiwa kurudi na kitu kimoja kisichouzwa dukani, nacho ni habari. Jioni wazee na watoto walimzunguka, wakamhoji: Watu wa huko hula nini? Huzikana vipi? Humpokeaje mgeni? Asiyeweza kujibu maswali hayo alihesabiwa kuwa hakusafiri yeye, bali miguu yake tu ndiyo iliyosafiri.

Siku hizi kijana arudipo hutoa simu mfukoni akaonyesha picha. Humo mna milima, fukwe, maporomoko ya maji na majumba ya kale. Na mara nyingi yeye mwenyewe amesimama mbele ya vitu hivyo akitabasamu. Hapana ubaya katika jambo hilo. Kupenda kilicho kizuri ni dalili ya moyo ulio hai, na kutaka kukihifadhi ni tabia ya mwanadamu tangu zamani. Hata hivyo desturi hii mpya imezusha swali la maadili ambalo, nionavyo mimi, halijazungumzwa vya kutosha katika madarasa yetu. Mtu akipaona mahali pazuri, akapachukua katika picha akaenda zake, je, anadaiwa chochote na mahali hapo na watu wake? Na uzuri wa ugenini humfanya aipende zaidi nchi yake ya kuzaliwa, au humfanya aidharau?

Wako watakaojibu upesi kwamba hadaiwi kitu, kwani macho hayana pazia. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haifai kutumiwa hapa. Methali humsamehe mtu ambaye jicho lake limekutana na jambo pasipo kukusudia. Apigaye picha hakukutana na jambo tu; amesimama, amechagua upande, ameinua mkono, amekata hiki na kukiacha kile. Isitoshe, kilichoonwa na jicho husahauliwa, ilhali picha hudumu, tena husafiri peke yake hadi kwa watu ambao aliyepigwa hatawajua kamwe. Kupiga picha, basi, ni tendo, na kila tendo lina mtu wa kuulizwa juu yake.

Historia yetu wenyewe yatufundisha haya. Sanaa ya kupiga picha ilifika Unguja katika karne ya 19, na kabla ya karne hiyo kwisha mji ulikuwa na maduka ya wapiga picha, kama vile lile la A. C. Gomes. Baadaye yakaja mengine, na mwaka 1930 likafunguliwa lile liitwalo Capital Art Studio. Katika maduka kama hayo watu walikwenda kwa hiari yao, wamevaa nguo za sikukuu, wakachagua jinsi ya kukaa na nani wa kukaa naye, wakalipa, wakapewa picha yao wakaitundika ukutani. Mwenye sura ndiye aliyekuwa mwenye picha.

Lakini katika zama hizohizo za ukoloni palikuwa na picha za namna nyingine. Hizo zilichapwa katika kadi za posta, zikauzwa kwa wasafiri, zikapelekwa Ulaya. Ndani yake mlikuwa na mama aliyebeba mtungi, mpagazi aliyeinama chini ya mzigo, au msichana aliyesukwa nywele. Chini ya picha hapakuandikwa jina lake. Paliandikwa kabila lake, au kazi yake, au neno "mwenyeji" tu, kana kwamba ni mnyama wa namna fulani aliyekutwa porini. Aliyeipokea kadi hiyo alijua sura ya mtu bila ya kumjua mtu. Nani awezaye kutuambia leo jina la mama yule wa mtungi? Aliishi, alipenda, alizaa, alilia, na kilichobaki ni sura isiyo na mwenyewe.

Tofauti ya picha hizi mbili haimo katika mtambo. Huenda hata zilipigwa na mkono mmoja. Tofauti imo katika uhusiano wa aliyepiga na aliyepigwa: katika ile ya kwanza mtu ameheshimiwa kuwa mtu, na katika ile ya pili ametumiwa kuwa pambo. Sasa ukoloni umeondoka, lakini mtambo wa kupiga picha umeingia katika mfuko wa kila kijana wetu. Hatari iliyopo ni kwamba kijana wa Kitanzania anaweza kumtazama Mtanzania mwenzake kwa jicho lilelile la mnunuzi wa kadi za posta, wala asijue kwamba ameliazima.

Nitatoa mfano. Mpwa wangu, mzaliwa wa Kondoa, alimaliza kidato cha sita mwaka 2019. Alipokuwa akingojea kuingia chuoni alifunga safari: akapita Moshi hadi Marangu, kisha akashuka Mombo na kupanda milima ya Usambara mpaka Lushoto, halafu akaenda Dar es Salaam na kuvuka bahari hadi Unguja. Aliporudi alikuja kwangu, akaniamkia, akaketi, akanionyesha picha zake moja baada ya moja. Zilikuwa nzuri kweli. Katika mojawapo mteremko wa Lushoto ulikuwa umefunikwa na ukungu wa asubuhi, mashamba yamepangika kama ngazi, na mama mmoja anapanda njia na tenga la kabichi kichwani.

"Mjomba, tazama mahali hapa," alisema. "Ningezaliwa huku, nisingetamani kwenda popote."

Nikamwuliza, "Mama huyu ni nani?"

"Simjui, mjomba. Alikuwa akipita, nami nikaona anaifaa picha."

Kijana huyu ana adabu, na hakusema hivyo kwa kiburi. Lakini neno lake lafaa kupimwa. Mama anaifaa picha. Je, picha inamfaa mama? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mteremko ule unaopendeza machoni ndio unaomchosha magoti kila siku ya soko. Mvua inayoleta ukungu ndiyo inayochukua udongo wa shamba lake. Hata yale mashamba ya ngazi yana kisa. Katika miaka ya 1940 na 1950 watawala wa Kiingereza waliwalazimisha watu wa Usambara kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko, na wakulima wakapinga kwa nguvu, kwa maana kazi ilikuwa nzito, amri ilitoka juu, na wao walihofia mashamba yao. Kwa hiyo mandhari ambayo msafiri huiona kuwa imetulia tangu kuumbwa kwa dunia imejaa jasho, ubishi na akili za watu. Asiyeyajua hayo hajauona uzuri wa Lushoto. Ameona rangi yake tu.

Hali kadhalika Kilimanjaro. Kila aupigaye picha mlima ule hupata picha nzuri, hata kama si fundi. Vitabu vingi vimeandika kwamba mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, nao wakakiita kilele hicho kwa jina la mfalme wao wa Ujerumani. Lakini hawakuupanda mlima pasipo watu wa kuwaonyesha njia na kuwabebea mizigo. Miongoni mwa waongozaji wa zamani wa Marangu hutajwa Yohani Kinyala Lauwo, ambaye jina lake lilikumbukwa kwa heshima mwaka 1989, yalipoadhimishwa miaka 100 ya safari ile. Wengi wa wenzake waliobeba mizigo hawana hata hicho kidogo. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda, askari wetu, aliusimika Mwenge na bendera ya taifa katika kilele hicho chenye mita 5,895, nacho kikaitwa Uhuru. Jina lilibadilika kwa sababu macho yanayoutazama mlima yalibadilika. Mlima ni uleule. Lakini kuutazama kama kitu cha kutekwa si sawa na kuutazama kama kitu cha kwetu.

Hapa msomaji aweza kunipinga. Atasema: "Mbona unaibebesha picha lawama nyingi? Bila ya picha tungekumbuka nini?" Pingamizi hilo lina haki, wala sitaki kulikwepa. Miongoni mwa picha za mpwa wangu ilikuwamo ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash. Siku ile niliitazama nikaipita. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Tangu siku hiyo picha ile, iliyokuwa ya matembezi, imekuwa ushahidi. Na theluji ya Kilimanjaro vivyo hivyo: tunajua kwamba zaidi ya sehemu nne kwa tano za barafu iliyokuwako mwaka 1912 zimekwisha, kwa kuwa wako waliopiga picha na kuchora ramani wakati huo, na wengine wakaja kulinganisha. Picha, basi, yaweza kuwa shahidi mwema kupita kumbukumbu ya mtu.

Nakubali yote hayo. Lakini tazama vizuri kinachoifanya picha iwe shahidi. Shahidi yeyote barazani huulizwa: Uliona nini? Wapi? Lini? Nani alikuwapo? Picha ya barafu isiyo na mwaka haimsaidii mtaalamu. Picha ya jumba isiyo na jina ni picha ya mawe na nguzo. Maneno yanayofuatana na picha ndiyo yanayoipa ulimi, na maneno hayo hayapatikani kwa kubonyeza kidude. Hupatikana kwa kusimama, kuamkia, kuuliza na kusikiliza. Kwa hiyo pingamizi lile, badala ya kuiondoa hoja yangu, laitia nguvu. Kadiri picha inavyokuwa na faida, ndivyo deni la aliyeipiga linavyozidi.

Sasa nije katika swali la pili, linalohusu nyumbani. Picha zilipokwisha nilimwuliza kijana yule, "Na za kwetu ziko wapi?" Akacheka kidogo akajibu, "Kwetu kuna nini cha kupiga picha, mjomba? Vumbi na makorongo."

Jibu hilo si lake peke yake. Nimelisikia kwa vijana wa mikoa mingi. Lina sababu mbili. Ya kwanza ni mazoea: jicho huchoka na kinachoonekana kila siku. Ya pili ni aibu, nayo ni nzito zaidi. Kijana amefundishwa na picha za wengine kwamba uzuri ni bahari ya samawati, theluji na majani mabichi. Akirudi kwao akakuta vumbi, hudhani kwamba kwao pamenyimwa.

Nianze na mazoea. Karibu na kijiji cha Kolo, na katika vilima vilivyo kandokando ya barabara ya Kondoa, kuna majabali na mapango yapatayo 150 na zaidi yenye michoro ya kale. Humo wamo twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wamechorwa kwa rangi nyekundu. Na juu yake mahali pengine pamepakwa michoro myeupe ya baadaye. Kazi hiyo ilifanywa na vizazi kwa vizazi katika muda wa miaka 2,000 au zaidi. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huko akiinakili michoro hiyo kwa uangalifu, na mwaka 1983 akaitolea kitabu. Mwaka 2006 mahali hapo pakatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu hutoka ng'ambo kuja kuitazama, na wenyeji wamedumu kufanya matambiko yao katika baadhi ya mapango hayo. Naye kijana aliyezaliwa safari ya saa chache kutoka hapo alikwenda mpaka baharini kutafuta cha kutazama.

Mchoraji wa Kolo naye hatumjui jina. Lakini yeye hakuwa mpita njia. Alimchora mnyama aliyemfuata, aliyemla, pengine aliyemwogopa. Alichora ndani ya maisha yake, penye ardhi iliyomlisha. Kwa sababu hiyo picha yake ingali yatusimamisha. Mwanzo kabisa wa sanaa ya picha katika nchi yetu, basi, ni picha za nyumbani.

Tuje sasa kwenye aibu. Ni kweli Kondoa ina makorongo. Udongo ulichukuliwa na maji mpaka bonde likabaki mifupa mitupu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Kwa mfugaji, ng'ombe ni chakula, ni mahari, ni heshima. Na wengine walilazimika kuyahamisha makundi yao mbali na makwao. Baada ya miaka kadhaa majani yaliota, miti ikarudi, na mahali pengi pakaanza kulimika tena. Picha zilizopigwa kutoka angani kwa nyakati mbalimbali ziliwasaidia wataalamu kuona jeraha lilikuwa wapi na lilipoanza kupona.

Picha hizo za makorongo si nzuri, wala hapana anayezitundika sebuleni. Lakini mimi nasema zimo katika picha zenye upendo mwingi zaidi kupata kupigwa katika nchi hii. Zilitazama ubaya wa nyumbani bila ya kugeuza uso, ili ubaya huo uondolewe. Kijana aliyesema "vumbi na makorongo" alikuwa ameutaja, pasipo kujua, urithi wake mkubwa: mahali ambapo watu walikubali kuona haya, kisha wakafanya kazi.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti ya ugenini na nyumbani. Ugenini twapapenda kwa uzuri wake tu. Pakiharibika tutakwenda kwingine. Nyumbani twapapenda pamoja na ubaya wake, kwa kuwa ubaya huo tunaulizwa sisi. Mkataa kwao ni mtumwa, wala si kwa sababu kwao ni pazuri kupita kote; ni kwa sababu asiyekubali kuulizwa juu ya mahali popote hana mahali popote. Upendo usiokubali kuulizwa ni sawa na uzuri wa mkakasi: nje wapendeza, ndani ni kipande cha mti.

Sisemi kwamba vijana wasisafiri. La hasha! Taifa letu lilijengwa na watu waliotoka kwao wakaenda shule, jeshini na kazini mikoa ya mbali, wakajifunza kumwita mtu wa kabila jingine "ndugu". Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja. Nami naona hekima humo, maana utamaduni usiofika kwa vijana ni kumbukumbu za wazee tu. Safari yenye adabu humrudisha mtu kwao akiwa na macho mapya. Akishajua kwamba mteremko wa Lushoto una mama mwenye jina, atajua kwamba korongo la Kondoa nalo lina historia. Na akishafikiri jinsi ambavyo angependa mgeni ampige picha mama yake mzazi shambani, atajua jinsi ya kumpiga picha mama wa mwenzake.

Kwa hiyo nawashauri walimu na wanafunzi mambo matatu. Kwanza, ruhusa: mtu asipigwe picha kama mti. Aamkiwe, aombwe, na akikataa aachwe. Pili, jina: kila picha iandikiwe mahali, tarehe na watu waliomo, kwa kadiri wao wenyewe watakavyoridhia. Tatu, marejesho: aliyepigwa aonyeshwe picha yake, apelekewe ikiwezekana, na mahali palipopigwa pasemwe kwa ukweli, uzuri wake na shida zake pia. Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi wake walete picha moja ya mahali walipopita na moja ya nyumbani kwao, kisha waandike ukurasa mmoja kwa kila picha. Yule atakayeshindwa kuiandikia ya nyumbani ndiye anayehitaji kusaidiwa zaidi.

Nikiwa mtunga mashairi, naliweka wazo hili katika ubeti mmoja ili liwe jepesi kukumbukwa:

Picha nimezikusanya, za milima na bahari,
Wenyeji wakanionya, tazama na ufikiri,
Watu ndio walofanya, pakawa pana uzuri,
Usipite ukapenya, kama mwizi wa safari.

Vijana wetu wataona nchi nyingi kuliko tulizoziona sisi, na watarudi na picha nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tusiwazuie. Tuwaulize tu, kama wazee walivyowauliza wasafiri wa zamani: Watu wa huko wanaitwa nani, wanaishije, nanyi mliwaachia nini? Kijana mwenye majibu ya maswali hayo, hata simu yake ikipotea njiani, atakuwa amesafiri.